Kuziba ufa kati ya ubao wa msingi na zege: gundi ipi ununue kwa nyumba ya mbao Marekani na Kanada

Nyumba nyingi ambazo ndugu zetu wananunua Minnesota, Maine, Ohio au Ontario ni za fremu ya mbao iliyokalishwa juu ya ukuta wa zege wa basementi. Ubao wa kwanza kabisa, ule unaolala moja kwa moja juu ya zege na kukazwa kwa bolti, ndio ninaouita hapa ubao wa msingi. Zege halikauki likanyooka sawasawa, na ubao nao hukauka ukajikunja. Kwa hiyo kati yake hubaki ufa: mahali pengine ukucha haupiti, mahali pengine kidole kizima kinaingia. Ufa huo unazunguka nyumba yote.

Wakati wa baridi nyumba hufanya kazi kama bomba la moshi. Hewa ya joto hupanda na kutokea darini, na nyumba huvuta hewa nyingine kutoka chini kufidia iliyotoka. Ndiyo maana hita inanguruma usiku kucha lakini sakafu ya sebule haishikiki kwa mguu mtupu, na bomba la maji lililopita karibu na ukuta linaganda Januari. Ziba huku chini na dari, na utaona tofauti kwenye bili kabla hujafikiria kubadilisha madirisha.

Tatizo huanzia dukani. Rafu ni ndefu, tyubu ni nyingi, na mkono wa wengi wetu huenda kwenye silikoni kwa sababu ndiyo tuliyozoea kuiona mafundi wakiipaka bafuni na kwenye madirisha ya alumini. Kwa ufa huu, silikoni ya kawaida ya bafuni ndiyo chaguo baya kuliko yote. Sababu nitazieleza, ila kwanza kuna kazi ya kufanya kabla hujatoka nyumbani na pochi.

Hatua ya 1: Tafuta hewa inakoingilia

Chagua siku ya baridi kali yenye upepo. Funga madirisha yote, washa feni ya jikoni na ya bafuni zinazotoa hewa nje ili mvuto uongezeke, kisha shuka basementi na kijiti cha udi. Kisogeze taratibu kando ya ubao. Moshi ukipanda wima, endelea mbele. Ukilala ghafla kuelekea ndani au ukitawanyika, hapo pana tundu. Weka alama kwa chaki. Pembe za nyumba, kuzunguka bolti, pembeni mwa vidirisha vya basementi, na mahali ambapo bomba la gesi au waya wa umeme umepenya, pote hapo pitia mara mbili. Moto wa udi uwe mbali na sufi ya kuzuia baridi, maana ile karatasi yake inashika moto.

Ukikuta nafasi kati ya boriti za sakafu zimejazwa sufi ya kioo, vaa barakoa na glavu, uvute kipande kimoja na ukiangalie kwenye mwanga. Sufi ya waridi au ya njano iliyogeuka nyeusi kwa mistari mara nyingi haijaoza. Imekuwa ikichuja vumbi la hewa inayopita ndani yake mwaka baada ya mwaka, na ule mstari mweusi ni picha ya ufa ulioko nyuma yake. Unakueleza pia kwamba sufi peke yake haizuii hewa hata ukiishindilia. Aliyeijaza pale alidhani amemaliza kazi.

Kuna kipimo cha kitaalamu cha feni kubwa inayofungwa mlangoni na kushusha shinikizo la hewa ndani ya nyumba kwa paskali 50. Kwa Marekani, familia yenye kipato kidogo inaweza kufanyiwa kipimo hicho na kuzibiwa nyumba bila malipo kupitia mpango wa serikali kuu wa kuhami nyumba, ulioanzishwa mwaka 1976 na unaoendeshwa kupitia majimbo. Hata mpangaji anaweza kuomba, mwenye nyumba akikubali. Watu wetu wengi wanastahili na hawajui, basi ulizia ofisi ya huduma za jamii ya kaunti yako kabla ya kutumia hela yako.

Hatua ya 2: Kagua ubao na zege

Usizibe kitu kilichooza. Chukua bisibisi yenye ncha, uchome ubao kila baada ya hatua moja, hasa chini ya milango ya nje na pale veranda ya mbao iliposhikizwa kwenye nyumba, kwa sababu maji hupenda kupita hapo. Ubao mzima hukataa ncha; uliooza huimeza. Ukiwa na kipima unyevu cha pini, ni vizuri zaidi: mbao iwe chini ya asilimia 20. Ikizidi hapo, tafuta maji yanatoka wapi kwanza. Mara nyingi ni mfereji wa bati ulioziba, au udongo unaoteremkia nyumba badala ya kuikimbia.

Kwa walioko Georgia, Texas au North Carolina, angalia vijia vya udongo vya mchwa vinavyopanda zege kuelekea kwenye mbao. Ukiviona, simama, umwite mtu wa mchwa. Kuviziba ni kuwaficha.

Zege nalo lina dalili zake. Unga mweupe wa chumvi unaonyesha kwamba maji yamepita ndani ya ukuta yakakauka kwa juu. Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 ukutani, funga kingo zote kwa tepu, kiache hadi kesho yake. Ukikuta matone chini ya nailoni au zege limebadilika rangi, ukuta una unyevu, na hilo litaamua gundi utakayonunua.

Na kama nyumba ilijengwa kabla ya 1978, usikwangue rangi ya zamani ikiwa kavu. Mwaka huo ndio Marekani ilipopiga marufuku rangi za nyumba zenye risasi, na vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto mdogo.

Hatua ya 3: Pima upana wa ufa

Ncha za drili zinatosha. Chukua ya inchi 1/4 na ya inchi 1/2, ambazo ni kama milimita 6 na 12, upitie alama zako za chaki ukijaribu ipi inaingia. Andika. Utaishia na makundi matatu: ufa ulio chini ya milimita 6, ulio kati ya 6 na 12, na uliozidi 12. Kila kundi lina dawa yake, na nyumba moja inaweza kuwa na yote matatu.

Hatua ya 4: Chagua gundi

Hapa ndipo pa kutulia. Gundi ya ufa huu inatakiwa ishike vitu viwili visivyofanana. Zege ni la asili ya alkali, lina vumbi, na hunyonya maji kutoka ardhini. Mbao hutanuka kiangazi na kusinyaa kipupwe, wakati hita imekausha hewa ya ndani. Ufa kwa hiyo haukai na upana mmoja mwaka mzima, na gundi isiyonyumbuka itaachia upande mmoja hata kama siku ya kwanza ilionekana nzuri.

Kwa hali nyingi ninapendekeza poliyurethani ya tyubu, ile ya maungio ya zege. Inashika zege na mbao kwa nguvu, inanyumbuka, haisinyai sana inapokauka, unaweza kuipaka rangi, na panya haipiti kirahisi. Sikaflex-1a ni mfano mmoja unaopatikana kote. Zipo nyingine za aina hiyo hiyo. Ubaya wake ni kwamba inanata kila mahali, ikikugusa ngozi haitoki kwa sabuni, ina harufu, na kabla haijakauka ina kemikali za isosayaneti zinazoweza kumletea shida mtu mwenye pumu. Fungua madirisha, vaa glavu, na mwenye pumu asishuke basementi siku hiyo.

Gundi za haibridi, za polima zilizochanganywa na silaini, hazina hizo isosayaneti, harufu yake ni ndogo, na nyingi huvumilia uso wenye unyevu kidogo. Kwa nyumba yenye watoto wachanga, au ukuta ambao nailoni yako ilionyesha unyevu usioisha kabisa, ningelipa ile nyongeza ya bei bila kusita. Ukuta unaotiririka maji ni habari nyingine; hakuna gundi itakayokusaidia hapo.

Akriliki ya maji, hata ile iliyoandikwa kwamba ina silikoni ndani yake, ni rahisi, unanawa kwa maji, na haina kero. Ila inasinyaa inapokauka, na kwenye zege lenye unyevu haikai. Itumie kwenye ufa mwembamba, mahali pakavu, na zaidi pale mbao inapokutana na mbao juu ya ubao wa msingi. Hapo inafanya kazi vizuri na hakuna haja ya kupoteza poliyurethani.

Sasa silikoni. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka. Asidi hiyo inakutana na alkali ya zege, na pale gundi ilipotakiwa kushika panabaki utando dhaifu wa chumvi. Baada ya muda unaivuta kwa vidole inatoka nzima. Asidi hiyo pia hushambulia chuma chenye mabati, na bolti zako ziko hapo hapo. Ipo silikoni isiyo na asidi, iliyotengenezwa kwa ajili ya zege, na hiyo ni nzuri sana kwa kunyumbuka. Tatizo lake ni la baadaye: rangi haishiki juu yake, na gundi ya aina nyingine haishiki pia, kwa hiyo siku ya kurekebisha itabidi uikwangue yote. Kwa basementi sioni sababu ya kuingia kwenye shida hiyo.

Kuna pia gundi ya kuzuia sauti isiyokauka kamwe, ambayo mafundi wa Kanada wameitumia miaka mingi chini ya nailoni za ukutani. Ni nzuri ikifichwa. Ikiwa wazi itashika vumbi, nywele za paka na nguo za watoto.

Ufa uliozidi milimita 12 ni wa povu la kopo. Nunua lile la madirisha na milango, ambalo halivimbi sana. Soma onyo lake kwa makini, kwa sababu gesi inayosukuma povu inashika moto: zima hita ya maji na mtambo wa joto, pamoja na kile kimoto kidogo kinachowaka muda wote, kabla hujabonyeza kopo, na usiwashe mpaka hewa imebadilika. Povu halizuii panya. Mahali ambapo panya anaweza kupita, na anapita kwenye tundu la milimita 6 tu, shindilia kwanza waya laini wa shaba au sufi ya chuma isiyopata kutu, halafu povu juu yake. Karibu na bomba la moshi la mtambo wa joto usitumie povu wala gundi yoyote kati ya hizi. Pale panahitaji bati na gundi maalumu ya moto.

Hatua ya 5: Soma maandishi ya tyubu

Jina kubwa lililoandikwa mbele halikuambii mengi. Geuza tyubu utafute ASTM C920, kiwango cha Marekani cha gundi za maungio zinazonyumbuka. Baada yake hufuata herufi na namba. S maana yake ni gundi ya tyubu moja isiyohitaji kuchanganywa. NS maana yake haichuruziki ukutani; ukikuta P badala yake, hiyo ni ya kumimina sakafuni, irudishe. Namba 25 inasema gundi inaweza kutanuka au kubanwa robo ya upana wa ufa bila kuachia, yaani ufa wa milimita 8 unaweza kucheza milimita 2 kila upande. Namba 35 au 50 ni bora zaidi. Herufi M ni ya zege na plasta, na hiyo lazima iwepo. O ni ya vifaa vingine, mbao ikiwemo, kwa hiyo hakikisha mtengenezaji ameitaja mbao kwa jina. Akriliki nyingi zina kiwango kingine, ASTM C834, ambacho ni cha gundi za maji.

Halafu angalia tarehe, mara nyingi iko kwenye kitako. Poliyurethani iliyokaa rafuni kupita muda wake inatoka ngumu, au haitoki kabisa.

Hesabu ni fupi. Tyubu ya kawaida ina wakia 10.1, karibu mililita 300. Mstari wa milimita 6 kwa 6 unakupa mita 8 hivi. Nyumba ya mita 8 kwa 12 ina mzunguko wa mita 40, basi tyubu tano kwa ufa wa zege, na akriliki za kutosha kwa maungio ya mbao yaliyo juu yake.

Hatua ya 6: Safisha kuliko unavyodhani inatosha

Gundi haishiki zege kupitia vumbi. Piga brashi ya waya kwenye ukingo wa zege mpaka uone mchanga wake, toa chumvi nyeupe yote, kisha fyonza vumbi kwa mashine. Usifute kwa kitambaa kibichi, utarudisha unyevu. Ondoa utando wa buibui na mabaki ya gundi ya zamani. Pitisha kidole: kikitoka na unga, rudia. Gundi nyingi za poliyurethani zinataka joto la angalau nyuzi 5 za Selsiasi, na hilo ni la uso wa zege wenyewe, kwa hiyo ukutani kusiwe na umande wala barafu.

Hatua ya 7: Ziba, kwa ndani

Kwenye ufa wa milimita 6 hadi 12, sukuma kwanza kamba ya sponji ngumu. Nunua iliyo nene kuliko ufa kwa milimita 3 ili ikae imebanwa, na isukume kwa kitu butu, maana ikitobolewa hutoa viputo ndani ya gundi. Kamba hiyo ina kazi mbili. Inazuia gundi isizame, na inaifanya ishike juu na chini tu, isishike nyuma. Gundi iliyoshikwa pande tatu haina nafasi ya kuvutika, hupasuka. Kina kiwe nusu ya upana, ila kisipungue milimita 6.

Kata mdomo wa tyubu kwa mshazari, upana wake mdogo kidogo kuliko ufa. Bonyeza kwa mwendo mmoja, gundi ikijaa kutoka ndani kuja nje. Usiridhike na mstari uliolala juu juu. Chukua kijiti cha aiskrimu uikandamize iingie kwenye vitundu vya zege na iguse mbao vizuri. Zungushia kila bolti, chini ya washa yake, kwa sababu tundu la bolti mara nyingi lilitobolewa kubwa. Kinachodondoka kifute mara moja kwa tepentaini ya madini. Poliyurethani hukauka kwa unyevu wa hewa, na huchukua siku kadhaa hadi wiki kukomaa ndani.

Wala usikimbilie kuziba kwa nje. Chini ya ukuta wa vinili au wa matofali ndipo maji ya mvua yaliyopenya nyuma yake yanapotokea. Vile vitundu vya safu ya chini ya matofali vimeachwa makusudi. Ukiviziba unafungia maji kwenye mbao ile ile unayotaka kuilinda.

Kama nyumba yako imekaa juu ya bamba la zege bila basementi, ubao wa msingi umejificha nyuma ya jipsamu. Bandua skatingi kwa uangalifu, ziba kati ya ubao na zege, kisha kati ya jipsamu na ubao, urudishe skatingi. Kwa kuwa ni chumbani watu wanapolala, hapa ningetumia haibridi. Anayejenga upya ana bahati: mkanda wa povu unatandazwa juu ya zege kabla ubao haujashuka, na kanuni za ujenzi za sasa zinataka maungio hayo yazibwe.

Hatua ya 8: Pima usalama wa gesi

Hatua hii haina mjadala. Nyumba iliyozibwa vizuri haiingizi hewa ovyo, na hita ya maji au mtambo wa joto unaotoa moshi kwa bomba la wazi unaweza kukosa hewa, moshi ukarudi ndani na kaboni monoksaidi yake. Gesi hiyo haina harufu. Weka king'ora chake kila ghorofa na karibu na vyumba vya kulala. Kisha siku ya baridi, funga kila kitu, washa feni zote za kutoa hewa pamoja na mashine ya kukausha nguo, uwashe hita ya maji. Baada ya dakika chache, shika udi karibu na uwazi ulio juu ya hita, chini ya bomba lake. Moshi uvutwe ndani ya bomba. Ukisukumwa kuja chumbani, zima hita, fungua madirisha, umwite fundi wa gesi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 9: Rudi baada ya kipupwe cha kwanza

Machi au Aprili, pita na tochi. Gundi iliyoachia upande wa zege inakuambia kulikuwa na vumbi au maji. Iliyoachia upande wa mbao, ubao ulikuwa mbichi na umesinyaa tangu hapo. Iliyopasuka katikati ilikuwa nyembamba mno au haikuwekewa kamba. Kata kipande kilichoharibika kwa kisu, piga brashi ya waya tena, na ujaze kwa gundi ya aina ile ile uliyotumia mwanzo. Ukichanganya aina, mahali zinapokutana ndipo patakapofunguka.